Ramen: Tambi za waliorudi nyumbani

MTAJIE mwanafunzi wa shule ya bweni neno "ramen", huenda akakutazama tu. Lakini mwonyeshe pakiti ya tambi za dakika tatu, zile ambazo watu wengi Afrika Mashariki huziita indomie hata kama zimetengenezwa na kampuni nyingine, naye atakueleza yote: bei yake, ladha zake, na jinsi zinavyomwokoa usiku wa kuamkia mtihani. Wapo hata wasiohitaji maji ya moto. Huzivunjavunja zikiwa kavu, wakamimina unga wa viungo ndani ya pakiti, wakatikisa, wakatafuna.

Tambi hizo za pakiti ni mtoto. Mzazi wake ni bakuli la supu nzito linalouzwa katika maelfu ya mikahawa ya Japani, na hiyo ndiyo ramen yenyewe. Pakiti nilianza kuijua zamani. Bakuli nililikuta mwaka 2019, nilipopelekwa Hiroshima kwa mafunzo ya wiki sita ya walimu wa sayansi. Tangu niliporejea hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, nimekuwa nikijipikia ramen yangu mwenyewe kwenye jiko la mkaa.

Ninalotaka kumweleza msomaji ni hili: ramen, ambayo leo inahesabiwa kuwa fahari ya Japani, haikuota katika ardhi ya Japani. Ni chakula cha wageni, na cha watu waliorudi kutoka ugenini. Ndiyo maana historia yake inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Bakuli lilikotoka

Jina ramen limetokana na neno la Kichina "lamian", yaani tambi zilizovutwa kwa mikono. Wapishi wa Kichina walifika na tambi zao katika miji ya bandari kama Yokohama, baada ya Japani kufungua milango yake kwa biashara ya nje katika karne ya 19. Mwaka 1910 ofisa wa zamani wa forodha, Ozaki Kan'ichi, alifungua mkahawa ulioitwa Rairaiken katika mtaa wa Asakusa, Tokyo, akaajiri wapishi wa Kichina kutoka Yokohama. Supu yao ilikolezwa kwa sosi ya soya, kitu ambacho Wajapani walikizoea majumbani mwao. Mapishi ya mgeni na kikolezo cha mwenyeji vikaingia bakuli moja.

Wakati huo watu wengi walikiita chakula hicho "shina soba", yaani tambi za Kichina. Baada ya Vita Kuu ya Pili neno "Shina" likaonekana kuwa la dharau kwa Wachina, likaachwa. Jina ramen lilikuja kuenea baadaye, kwa sababu nitakayoieleza.

Bakuli kamili lina sehemu tano. Chini kabisa kuna kikolezo kiitwacho "tare", chenye chumvi kali. Juu yake inamiminwa supu ya mifupa au samaki, kisha mafuta kidogo yenye harufu, kisha tambi, na mwisho vya kupambia: vipande vya nyama, yai, majani ya vitunguu, mwani mkavu. Ramen hutambulika kwa ladha yake. Ya chumvi huitwa shio, ya sosi ya soya huitwa shoyu, ya soya iliyovundikwa huitwa miso, na ya supu ya mifupa ya nguruwe huitwa tonkotsu.

Mikahawa mingi haina mhudumu wa kupokea fedha. Mlangoni kuna mashine. Unatumbukiza noti, unabonyeza kitufe, inatoka tiketi, unamkabidhi mpishi. Mwenyeji wetu alitufundisha mapema kwamba kitufe cha juu upande wa kushoto mara nyingi ndicho chakula ambacho mkahawa unajivunia. Bakuli langu la kwanza pale Hiroshima lilikuwa yeni 700. Miaka hii ya karibuni mikahawa mingi ya Tokyo imevuka yeni 1,000, bei ambayo wenye mikahawa waliiogopa kwa muda mrefu hata wakaipa jina la "ukuta", wakiamini mteja wa kawaida hawezi kuuruka.

Fukuoka, bandari ya waliorudi

Kutoka Hiroshima hadi Fukuoka ni kiasi cha saa moja kwa treni ya mwendo kasi. Kituo chake kinaitwa Hakata, jina la zamani la eneo la bandari. Nilikwenda huko siku za mapumziko, na jioni nikakaa kwenye kibanda kando ya mto Naka. Vibanda hivyo huitwa "yatai". Ni mkokoteni, turubai, jiko, na benchi la watu wanane hivi wakigusana mabega. Aliyezoea kula kwa mama ntilie hatajiona mgeni hapo.

Bakuli likaja. Supu ilikuwa nyeupe kama maziwa. Weupe huo hautokani na maziwa; ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa moto mkali saa nyingi, mpaka mafuta na uroto vikashikana na maji. Tambi zilikuwa nyembamba na zimenyooka. Muuzaji anakuuliza unazitaka ngumu kiasi gani. Ukizimaliza na supu ikabaki, unaagiza "kaedama", yaani tambi tupu za kuongeza kwenye supu ileile. Utaratibu huo ulianzia kwenye soko la samaki la Nagahama, hapo hapo Fukuoka, ambako wafanyakazi walikula kwa haraka. Tambi nyembamba huiva upesi, lakini pia hulainika upesi, hivyo ni afadhali kuchukua chache na kuongeza.

Jambo lililonipa taabu ni sauti. Mimi nimekulia Ulyankulu, mkoani Tabora, na kwetu mtoto aliyevuta mchuzi kwa kelele aliondolewa kwenye sinia. Pale kibandani wote walivuta tambi kwa sauti, mzee wa suti kulia kwangu na vijana wawili kushoto. Wanasema kuvuta hupoza tambi na kupandisha harufu ya supu puani. Nami nikavuta, ingawa kimoyomoyo niliona kama mama yangu amesimama nyuma yangu.

Asubuhi yake nilitembea hadi bandarini. Huko upo mnara mwekundu wa kumbukumbu, na habari yake ndiyo iliyonifanya nianze kuitazama ramen kwa jicho jingine. Japani iliposhindwa vita Agosti 1945, Wajapani zaidi ya milioni sita, askari na raia, walikuwa nje ya nchi yao. Bandari ya Hakata peke yake ilipokea watu wapatao milioni 1.39 hadi mwaka 1947, wengi wao kutoka Manchuria, China na Korea. Walishuka melini na mafurushi yao katika mji ambao ulikuwa umeteketezwa kwa mabomu Juni 1945. Nchi ilikuwa na njaa. Watu hao waliitwa "hikiagesha", na si wote waliopokewa kwa furaha. Walionekana mzigo, matumbo ya kuongeza kwenye chungu ambacho tayari hakikutosha.

Sisi Warundi neno la watu wa namna hiyo tunalo: abahungutse. Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972, mimi nikazaliwa na kusomea katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, na mwaka 2008 tukarudi pamoja na maelfu ya wenzetu. Kule Tanzania tuliitwa Warundi. Hapa tukaitwa Watanzania. Kirundi chetu kilichochanganyika na Kiswahili kilichekwa, na hata ugali wetu ulitolewa kasoro. Mambo ya mashamba ni marefu, si ya makala haya. Nataja haya machache ili msomaji aelewe kwa nini nilisimama muda mrefu mbele ya mnara ule.

Hao hikiagesha walifanya nini? Wengi hawakuwa na shamba wala kazi, lakini baadhi yao walikuwa wamejifunza ugenini kupika tambi, na vile vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama viitwavyo "gyoza". Unga wa ngano kutoka Marekani uliingia nchini kama msaada, na mwingine ukapenya hadi kwenye soko la magendo. Mtu akipata mkokoteni, chungu na taa, alikuwa amepata mtaji. Huko Sapporo, kaskazini kabisa mwa nchi, watu waliorudi kutoka China na Manchuria walianza kufungua vibanda vya tambi tangu mwaka 1946, na katika mji huo ndimo ramen ya miso ilimozaliwa miaka ya 1950.

Nyumbani kwa tonkotsu ni Kurume, mji ulio kusini ya Fukuoka, ambako kibanda cha kwanza kilianza mwaka 1937 kikiwa na supu nyepesi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1947 muuzaji mwingine wa mji huo aliacha chungu motoni kupita kiasi, supu ikageuka nyeupe, na wateja wakaipenda kuliko ile ya kwanza. Leo watalii hupanda ndege kwenda Sapporo na Fukuoka kwa ajili ya bakuli la tambi. Vibanda vya watu waliokosa pa kushika vimekuwa sehemu ya sifa ya miji iliyowapokea kwa shingo upande.

Kibanda cha nyuma ya nyumba

Na ile pakiti ya mwanafunzi wa bweni? Nayo ina baba asiye wa kawaida. Momofuku Ando alizaliwa mwaka 1910 kisiwani Taiwan, wakati huo kikiwa chini ya Japani, kwa jina la Kichina Wu Pai-fu. Alihamia Osaka akiwa kijana, akafanya biashara nyingi. Baada ya vita aliona foleni ndefu ya watu kwenye baridi, wakingoja bakuli la tambi katika kibanda cha magendo karibu na kituo cha treni. Foleni ile haikumtoka akilini. Mwaka 1957 chama cha akiba na mikopo alichokiongoza kilifilisika, akabaki na nyumba yake tu katika mji wa Ikeda.

Nyuma ya nyumba hiyo alijenga kibanda cha mbao akaanza majaribio: apike tambi zinazoweza kukaa miezi bila kuharibika na kuiva kwa maji ya moto tu. Suluhisho alilipata kwenye kikaango cha mkewe aliyekuwa akikaanga tempura. Tambi zilizokwisha kupikwa zikitiwa katika mafuta ya moto, maji hutoka kwa nguvu na kuacha vitundu vidogo mno. Ukizimwagia maji ya moto baadaye, hupenya kupitia vitundu hivyo na tambi hulainika. Tarehe 25 Agosti 1958 alianza kuuza Chicken Ramen kwa yeni 35, wakati tambi za kawaida za udon ziliuzwa yeni 6. Msomaji ataona kwamba chakula tunachokiita cha wasio na fedha kilianza kama anasa. Pakiti hizo, zilizotangazwa nchi nzima, ndizo zilizolieneza jina ramen mpaka mikahawa nayo ikalishika. Hapo mtoto alimpa jina mzazi.

Nilitembelea makumbusho yake mjini Ikeda, dakika kama 20 kwa treni kutoka katikati ya Osaka. Kuingia ni bure, na kibanda kimejengwa upya kama kilivyokuwa: kikaango, mashine ya kukatia tambi, mizani. Hakuna kifaa hata kimoja ambacho fundi wa Rumonge angeshindwa kukitengeneza. Mwaka 1971 Ando alitoa tambi za kikombe, na mwaka 2005 mwanaanga Noguchi Soichi alikwenda na tambi za kampuni hiyo angani. Ando alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 96. Mwaka 2023 dunia ilikula tambi za haraka zaidi ya pakiti na vikombe bilioni 120.

Magadi na dagaa

Niliporudi nyumbani nilitaka kupika ile ya bakuli. Kinachozitofautisha tambi za ramen na tambi nyingine za ngano ni maji yenye alikali, ambayo Wajapani huyaita "kansui". Hayo ni maji yenye sodiamu kabonati na potasiamu kabonati. Hufanya unga ukazane na kuvutika, na hugeuza rangi yake kuwa ya manjano hata bila yai. Mwalimu yeyote wa kemia Afrika Mashariki akisikia hivyo atatabasamu, maana sodiamu kabonati ndiyo iliyomo kwa wingi katika magadi, yale yanayotoka Ziwa Magadi kule Kenya na Ziwa Natron kule Tanzania, na ambayo mama zetu hutia kwenye maharage na mlenda.

Kwa watu wanne natumia unga mweupe wa ngano gramu 400, maji mililita 160, chumvi gramu 4 na magadi gramu 5. Magadi nayaponda, nayayeyusha katika maji hayo, nayaacha yatulie hadi mchanga ushuke, kisha nayachuja kwa kitambaa safi. Yakizidi, tambi hunuka sabuni. Asiyekuwa na magadi atumie magadi ya unga ya kuumulia maandazi, lakini ayakaange kwanza kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo hadi yapungue uzito kwa zaidi ya theluthi moja. Hapo bikabonati imegeuka kabonati. Asiyashike kwa mkono mtupu, kwani huchoma ngozi.

Donge linakuwa gumu kuliko la chapati. Liache lipumzike saa moja, lisukume kwenye kibao cha chapati liwe jembamba, nyunyiza unga, likunje, kata nyuzi nyembamba kwa kisu kikali. Chemsha katika maji mengi dakika mbili tu.

Supu nayo ipo karibu. Wajapani hutengeneza supu ya samaki wadogo waliokaushwa, waitwao "niboshi", na wapo wapenzi wa ramen wasiotaka nyingine. Niboshi ukiwaona utadhani ni dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika, wanaoitwa ndagala kwa Kirundi. Nawatoa vichwa na matumbo ili supu isiwe chungu, nawaloweka usiku kucha, asubuhi nawapasha moto polepole bila kuwachemsha sana. Supu hiyo naichanganya na ya kuku wa kienyeji aliyechemshwa saa tatu na tangawizi na kitunguu. Muislamu au asiyekula nguruwe hakosi kitu, maana hata Japani ipo ramen nyeupe ya kuku. Kikolezo ni sosi ya soya vijiko viwili kwa bakuli. Kwa mafuta ya juu nakaanga kitunguu saumu katika mawese kidogo. Juu naweka lengalenga, majani ya vitunguu na yai lililochemshwa dakika saba.

Kwa wenye pakiti

Siwaambii wanafunzi waache pakiti. Najua hali zao. Nawaambia wasome nyuma yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile chumvi kufikia gramu 5 kwa siku, na baadhi ya pakiti, moja tu, hukaribia kiasi hicho au kukizidi. Kama wameandika sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Tia nusu ya unga wa viungo, ongeza yai na mboga za majani, na supu usiimalize. Japani kwenyewe wengi huacha supu kwenye bakuli, na mpishi haoni vibaya.

Siku ya kwanza nilipowaandalia wanangu walisita. "Mama, hiki ni chakula cha Wajapani," akasema mkubwa. Mama yangu, aliyekuwa akisubiri bakuli lake, akamjibu kabla yangu: "Cha Wajapani kivipi, mjukuu wangu? Magadi haya mimi nimepikia maharage Ulyankulu miaka 36. Na dagaa hawa babu yako alikuwa akiwavua hapa hapa kabla hatujakimbia. Lete kijiko." Kisha akavuta tambi kwa sauti ambayo mimi utotoni ningeondolewa kwenye sinia kwa ajili yake.

Katika darasa langu wapo watoto waliorudi miaka ya karibuni kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta. Wanachekwa kama tulivyochekwa sisi, kwa Kirundi chao na kwa vyakula wanavyovikumbuka. Tunapofika kwenye somo la asidi na alikali naleta magadi, kitambaa, unga na sufuria, kisha nauliza nani anajua kuyachuja magadi. Mikono inayonyooshwa kwanza huwa ni yao. Nawaita mbele, wenzao wanakuja kujifunza kwao, na kabla ya kengele darasa zima limekula.